Mkono wa Zawadi

Mpunga ulipoanza kuinama, binti yangu Zawadi alinipigia simu kutoka Tabora. Alisema akipata likizo kazini atakuja tuvune pamoja, na hataki kulala nyumbani Mahege. Anataka kulala bondeni, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa mpaka mavuno yaishe. Nikamwambia inshallah. Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilibaki msikitini hadi jua likachomoza, nikimwomba Mola jambo hilo moja tu.

Zawadi aliondoka hapa meno ya mbele yameng'oka, mwaka ule mama yake alipofariki. Mama yake mdogo alimchukua akamsomeshe. Tangu hapo nimemsikia akikua kwenye simu. Sauti imebadilika, kicheko ni kilekile. Simu yangu ni kitochi, haioneshi picha.

Mtu wa dungu lazima awe na kisu chake. Mpunga wetu hatuukati kwa mundu. Tunakata suke moja moja, kisu kidogo kikiwa ndani ya kiganja. Kisu hichohicho kinamenya muhogo, kinapasua kambale na kukata kamba. Kwa hiyo siku ya gulio nilikwenda Ikwiriri kumchagulia.

Duka la kwanza walinionesha cha kukunja, kinang'aa. Nikakifungua na kukifunga, nikawaza tope la bondeni likiingia pale kwenye bawaba, au kisu kikijifunga juu ya vidole vyake. Nikakirudisha. Kingine kilikuwa kirefu, kizuri kwa nyama, lakini ukimenyea muhogo kinakimbilia kidole gumba. Nikaishia kwa fundi Sadallah, anayetengeneza visu kwa misumeno mikuukuu.

Sadallah alivipanga juu ya gunia. Kwetu hatupokezani kisu mkononi, eti mtakuja kugombana. Kinawekwa chini, anayekitaka akiokote. Niliokota chenye bapa fupi kama kidole cha shahada, mgongo mnene, ncha isiyochongoka sana. Hakikuwa na mpini bado, ni chuma tu na mkia wake wa kuingia kwenye mpini. Nilikijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wangu, kikanyoa. Nikamwambia ni cha binti yangu, anakuja kuvuna.

"Huyo mwenyewe mkono wake ukoje?" aliuliza Sadallah, akitafuta kipande cha mninga cha kuchonga mpini. Mpini mnene humchosha mwenye mkono mdogo, na mwembamba humponyoka mwenye mkono mkubwa.

Nikatanua vidole kumwonesha. Nilipovitazama, nilikuwa nimeonesha kiganja cha mtoto.

"Mzee Ismaily, huyu anakuja kuvuna au kunyonya?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipojaribu kuonesha mkono mkubwa zaidi, vidole vyangu havikujua viishie wapi. Najua anavyokohoa akiwa na mafua. Najua anavyonyamaza akichoka. Mkono wake siujui.

Sadallah akashauri nimpigie. Zawadi alipokea, akaniamkia, nikamwuliza mkono wake una ukubwa gani. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akasema ni mkono wa kawaida tu. Kisha akaacha kucheka.

"Baba, usinunue kwanza. Likizo wananizungusha. Huenda isiwe mwaka huu."

Nikamwambia hakuna neno, kazi ni kazi, Mungu ndiye mpangaji. Nilimaanisha. Hata hivyo simu ilipokatika niliendelea kuishika sikioni.

Sadallah alisema anaweza kutia mpini wa kadiri, kisu kikatumiwa na yeyote, hata jirani yangu Mwanajuma ambaye chake kimelika. Lilikuwa shauri zuri.

"Nipe hivyohivyo, bila mpini," nikasema.

"Kisu hakitoki hapa uchi, mzee. Watasema Sadallah hajui kazi."

"Waambie Ismaily hajui mkono wa mwanawe. Mpini nitauchonga mwenyewe akija, mkono wake ukiwa mbele yangu."

Sadallah alikilaza chuma juu ya gunia, na pembeni yake akaweka kile kipande cha mninga, ambacho sikukiomba. Nikaviokota vyote viwili.

Sasa niko bondeni, navuna kwa kisu changu cha zamani. Chuma cha Zawadi nimekipaka mafuta ya ufuta, nikakiviringisha kitambaa na kukichomeka kwenye nyasi za paa, upande atakaolala. Jioni, ndege wakishatulia, hukifungua kuangalia kutu. Mninga nimeulainisha pembe zake tu.

Nikiswali magharibi na kuinua mikono kuomba, siku hizi macho hunishukia viganjani. Ni vipana, na vidole gumba vimepinda kidogo kwa ndani. Zawadi alipozaliwa, mama yake alimfunua kitambaa akaniambia, tazama, mikono ameichukua kwako.

Hata hivyo mninga sijaukata.