Bega Lililohamia Kwenye Friji

Jana usiku niliota bega langu la kulia limehama. Sikupiga kelele. Nilivaa kandambili nikatoka kulitafuta, maana Jumamosi ni harusi ya Zamoyoni, binti wa kaka yangu, na bila bega mimi si shangazi wa mtu, ni mgeni mwalikwa tu.

Nieleze kidogo. Kwetu bibi harusi hasukwi na mtu baki. Anasukwa na shangazi yake, kwa kitana cha mbao cha marehemu mama yangu, kile ambacho jino la tatu nililivunja mimi. Na kusuka ndiyo kazi yangu. Lakini miezi minne iliyopita bega lilianza kuniuma, nikaufunga mkono kwa kanga shingoni, nikasema acha lipumzike. Likapumzika mpaka likaganda. Yule kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini, Shekiondo, aliniambia kwa upole, "Mama, bega la namna hii halitaki kufungwa. Simama mbele ya ukuta, vidole vipande juu kidogo kidogo, kila siku." Nikamwambia ahsante. Moyoni nikasema, makubwa haya! Nimesomesha watoto kwa mikono hii, leo nikacheze na ukuta?

Juzi nikamwambia Zamoyoni atafute saluni. Akaitikia, "Sawa, shangazi," akaenda kulia bafuni. Nilimsikia.

Basi, kwenye ndoto nafika kwa Mama Chausiku, jirani anayeuza barafu za ukwaju. Nafungua friji yake. Bega langu limekaa katikati ya barafu, limejitanda kanga yangu.

"Hujambo," nasema.

"Sijambo. Funga mlango, joto linaingia."

"Rudi nyumbani, tuna harusi."

"Nirudi nikafanye nini? Ulinifunga miezi minne kama mbuzi wa Idi. Nimeshazoea."

Nyuma yake wamekaa wanawake wanne wembamba, wameshika kamba, hawasogei. Bega likanitambulisha. "Hawa ni misuli yako. Ndugu wanne, baba mmoja mama mmoja. Kazi yao ni kunishika nisichomoke. Tangu uwape likizo wamekakamaa."

Mmoja wao amebandikwa plasta kifuani. "Mimi nilichubuka kabla ya hiyo likizo," anasema. "Nilichubuka ulipoleta kile kiti cha kuzunguka."

Ni kweli, mwaka jana nilinunua kiti kirefu cha kuzunguka, nikawa nasuka kwa kusimama, mikono juu tangu asubuhi mpaka alasiri, ili watu waone na mimi nina saluni. Maringo tu, hakuna jingine.

Nageuka niombe radhi, friji haipo. Niko uani kwa mama, Muheza, na mafuta ya nazi yanachemka jikoni. Jamani, harufu ile! Nilikuwa nakaa chini kwenye jamvi, kichwa changu kati ya magoti yake, na nikisinzia ananigonga bega kwa kitana. "Amka wewe, hujaolewa bado!" Mama ana miaka kumi na tisa kaburini, na mpaka leo natamani kugongwa bega.

Naangalia juu. Mama amekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, kitana mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakufundisha kusuka mikono juu kama umekamatwa na askari? Mimi nimesuka mabibi harusi arobaini, wote nimekaa kitako. Njoo uchukue kitana."

Vidole vyangu vinaanza kupanda ukuta, kimoja kimoja, huku vinanung'unika. Bega nalo linatokea mlangoni, linachuruzika maji ya ukwaju, linajipachika mahali pake bila hata kupiga hodi. Wale ndugu wanne wanavuta kamba.

"Naumia, mama."

"Panauma kidogo au panachoma?" Mdomo ni wa mama, sauti ni ya Shekiondo.

"Kidogo."

"Panda. Pakichoma, simama."

Vidole vinateleza. Mama anavipaka mafuta ya nazi ili visiteleze. Sikubishana, ni mama.

Nikafika juu. Akaniwekea kitana kiganjani.

"Shuka basi, tumsuke Zamoyoni pamoja," nikamwambia.

"Zamu yangu nilishamaliza, mwanangu."

Nikalia kama mtoto mdogo, nikaamka nalia.

Kumeshakucha. Kile kitana hukaa kwenye msumari juu ya mlango, na tangu bega lianze kuuma sijaufikia msumari ule. Sasa msumari ni mtupu na kitana ninacho mkononi, mkono wa kulia. Ukutani, kwenye chokaa, kuna alama za vidole zinazong'aa, zimepanda taratibu kutoka usawa wa kiuno changu mpaka juu.

Zamoyoni akapiga hodi, simu mkononi. "Shangazi, watu wa saluni wanataka jibu."

"Waambie watafute mteja mwingine. Kaa hapo chini, kwenye jamvi."

"Chini? Na kile kiti?"

"Kile watakikalia wajukuu zako. Kaa, mwanangu."

Akakaa kati ya magoti yangu. Mkono ulipanda hadi usawa wa sikio lake, ukauma kidogo. Nikaushusha, nikavuta pumzi, nikaupandisha tena, nikagawa nywele. Mstari wa tatu akaanza kusinzia. Nikamgonga bega kwa kitana.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "haya mafuta ya nazi umeyatoa wapi? Si yalituishia tangu Ramadhani?"