Mke wa Kitabuni

Afande alikuwa amekasirika, na hasira zake siku hizi hazikuwa na faida yoyote. Zamani akikunja uso tu, kikosi kizima kinasimama wima. Sasa alikuwa ameikunjia uso karatasi tangu asubuhi, na karatasi wala haikumjali.

Alistaafu jeshini na vitu vitatu: cheo cha sajini, goti bovu na ushairi. Goti watu walilielewa. Ushairi uliwashinda. Alikuwa ameandika miaka sita, mashairi yake yametoka gazetini, lakini mtaani aliendelea kuwa Afande tu. Hata muuza magazeti wa pale kona, aliyekuwa akimuuzia magazeti yenyewe, alimpigia saluti ya mzaha na kumuuliza kama leo vita viko ukurasa wa ngapi. Mtu mmoja tu wa kumwita mshairi, jamani, angepungukiwa na nini?

Basi jana yake mhariri wa kampuni ya vitabu alikuwa amemwita ofisini. Mhariri mwenyewe ni mwanamke wa rika la binti yake, amekaa katikati ya maboksi ya vitabu ambavyo havijapata wanunuzi. Akamwambia mswada umempendeza, na lile shairi la darajani, la rafiki aliyekata roho mapajani mwa mwenzake, limemliza.

"Lakini mzee wangu, kitabu kizima ni wanaume na matope. Nyumbani kwako hakukuwa na mtu?"

"Mke wangu alikuwepo."

"Yuko ukurasa gani?"

Afande akapekua mswada kwa adabu tu, maana jibu alilijua.

"Niandikie shairi moja lake," mhariri akasema. "Niletee Ijumaa. Jumatatu kitabu kinakwenda kiwandani, na bila hilo hakiendi."

Hapo ndipo mzee alipofanya kosa la kiaskari. Mtu mwingine angeomba muda, angeingia mitini, angesingizia mafua. Afande kwake amri ni amri, na kazi ikabidhiwe kabla ya saa yake. Alikaa mezani kumwandika mkewe, akakuta hana cha kuandika. Alimjua kwa likizo. Kila likizo alifika, akala, akalala, akakongomea kiti kilicholegea, akarudi kambini. Yaliyotokea katikati hakuyajua. Basi akaandika yale ambayo kila mtu huandika:

*Mlangoni kasimama, mke wangu analia,*
*Usiku wote mzima, njia anaangalia.*

Beti saba za namna hiyo. Vina sawa, mizani sawa, kila mstari umenyooka. Akazipeleka Alhamisi, siku moja kabla, na mhariri alipozisoma palepale akasema ndiyo, hili ndilo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mzee alirudi nyumbani kifua mbele, kama mtu anayekwenda kuchukua nishani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Sebule yao waliigawana: meza ya Afande dirishani, cherehani ya mkewe mlangoni, mahali wateja wanapoingilia. Miaka sita mmoja ameandika na mwingine ameshona, na hawakusumbuana. Siku hiyo alikuwa na rundo la sketi za shule za kupindwa.

"Mama watoto, simamisha mashine kidogo. Nimekuandika."

Akasimamisha. Afande akasoma beti zote saba, kwa sauti ile ya gwaride. Alipomaliza, mkewe alikuwa bado ameshika mkasi.

"Ni nani huyo anayelia mlangoni?"

"Wewe."

"Mimi sikulia, mzee. Nafasi ya kulia ningeipata wapi?" Akarudi kwenye sketi yake.

Afande alihisi amepigwa kofi. "Basi niambie ilikuwaje. Nitalibadilisha, muda ninao mpaka Jumatatu."

"Sikuambii."

"Kwa nini?"

Mkewe akaivuta sketi kutoka chini ya sindano, akakata uzi kwa meno. Aliposema, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha mzee.

"Miaka yote nilikuwa nakuuliza. Ukirudi nakuuliza, umeona nini huko, una nini, mbona hulali. Ukanijibu ya kambini huishia getini. Nikanyamaza. Mwaka ule uliporudi ukawa unalala sakafuni, nikikugusa unaruka, nikajua una mwanamke. Nimemlisha huyo mwanamke moyoni miaka kumi na moja. Juzi ukasahau miwani, nikakuletea kule ukumbini, nikasimama nyuma nakusikia unawasomea watu. Daraja. Rafiki yako. Mapajani. Watu ambao hata majina yao huyajui, ndio uliowaambia kwanza. Sasa unataka na yangu ukawape?"

Afande angekuwa na mtu wa kumfokea angemfokea, lakini sebuleni walikuwa wawili tu, na mwenye makosa hakuwa yule wa kwenye cherehani.

Ijumaa akajaribu tena kumwuliza, ng'o. Jumamosi akaosha vyombo, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu aoe, mkewe akamtazama tu na kuzirudia sufuria mbili. Akaapa kwamba hatamwambia mtu. Akaapa kwamba shairi si hoja, anataka kujua tu. Na kwa kweli, kadiri alivyokataliwa, ndivyo alivyozidi kutaka. Aliona aibu: mzee mzima, ameishi na mtu karibu miaka arobaini, na hana hata kisa chake kimoja cha kusimulia.

Jumapili mchana mvua ikaanza kunyesha, mkewe akatazama juu, akasema bila kuombwa:

"Bati hilo la upande wa jikoni nililigongelea mimi."

Afande akageuka kumtazama.

"Upepo uliling'oa, wewe hupo. Nikaweka kiti juu ya meza, mwanao wa kwanza akanishikia miguu ya kiti, wa pili nikamfungia mgongoni. Nikatafuta nyundo. Kumbe nyundo umeifungia kwenye sanduku lako la bati, na ufunguo umekwenda nao."

"Sasa ukafanyaje?"

"Nikagongelea kwa pasi."

"Kwa pasi?"

"Pasi ya mkaa, ile nzito. Mvua inanipiga usoni, pasi inamwaga majivu, mtoto mgongoni ananing'ata bega. Basi nikiwa kule juu, nikaanza kucheka. Nilicheka, mzee, nilicheka mpaka yule wa chini akaogopa, akaanza kuniita. Unajua nilikuwa nacheka nini?"

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake, ameipa mgongo cherehani, na uso wake ulikuwa uso ambao Afande hakuuona kwa muda mrefu. Yote haya mzee aliyaona. Aliona pia kwamba ni kizuri mno, kile kisa, pasi na majivu na kicheko. Na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaenda mezani ukachukua kalamu.

Mkewe akaiona kalamu.

Tabasamu likaondoka taratibu, akageukia cherehani, akaingiza pindo la sketi chini ya sindano.

"Naiweka chini," Afande akasema. "Tazama, nimeiweka. Endelea. Ulikuwa unacheka nini?"

"Kesho asubuhi wanakuja kuchukua hizi sketi," mkewe akasema, akakanyaga mashine.

Akamsihi mpaka jioni. Akaivunja kalamu mbele yake, tendo la kijinga, maana zilikuwepo nyingine sita kwenye kopo. Maji yakishamwagika hayazoleki. Jumatatu akampigia mhariri simu, akamwambia lile shairi la nyumbani ni uongo, litolewe. Mhariri akacheka. Akasema washairi wote huwa hivyo dakika za mwisho, na kwamba kitabu kimeshaondoka.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Muuza magazeti alikuja na shati lililonyooshwa. Mhariri akamtambulisha mzee kwa neno alilolingoja miaka sita, mshairi, na mzee akaona halimfikii popote. Alisoma la daraja, watu wakapiga makofi. Kisha mhariri akamwomba asome la nyumbani. Akasema macho yanamsumbua. Mhariri akasema haidhuru, akalisoma mwenyewe, kwa sauti nzuri, polepole, na wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kufuta machozi.

"Na leo mama mwenyewe tunaye," mhariri akasema. "Mama, tafadhali simama tukuone."

Mkewe akasimama. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Makofi yakavuma. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza: mama yetu, uliwezaje, usiku wote ule, mlangoni, na machozi yale?

Afande akamtazama mkewe. Aliomba kimoyomoyo aseme kweli. Amuumbue mbele ya watu wote, kitabu kife, watu wacheke, lakini aseme.

Mkewe akatazama watu, kisha akamtazama mzee wake aliyekaa pale mbele na shati lake jeupe.

"Ilikuwa kama alivyoandika," akasema. "Nililia sana."

Makofi yakaanza upya.

Nyumbani, Afande hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karibu na cherehani, mikono mitupu juu ya magoti.

"Mama watoto. Kule juu, siku ile ya bati. Niambie tu mimi. Ulikuwa unacheka nini?"

Mkewe alikuwa anatundika gauni lake kwenye msumari. Akalinyoosha mabega, akalipangusa vumbi.

"Kucheka?" akasema. "Mimi nililia, mzee. Si imeandikwa?"