Meno ya Mulwa Siku ya Ntheo

Mulwa, fundi cherehani wa mjini Machakos, alikuwa na meno yenye madoa ya kahawia. Alikulia kwenye maji ya kisima kirefu, na maji yale ndiyo yaliyomwachia alama. Wala madoa hayo hayakumkosesha usingizi, mpaka ilipokaribia siku ya ntheo, ya kupeleka mbuzi kwa kina Kalekye, mpenzi wake, kule Mwala, wazazi wakubali uchumba au waukatae.

Hapo ndipo wazimu ulipompanda. Akapiga mswaki mara sita kwa siku. Madoa yalipokaa kitako, akaongeza majivu, kisha makaa, kisha, Mungu amsamehe, mchanga wa mtoni. Jirani yake Bi Halima, muuza miswaki, alimwonya.

"Mwanangu, hiyo si taka, ni maji. Haitoki. Sugua taratibu, asubuhi na usiku, basi."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi Mulwa akafika Mwala na mbuzi watatu, ufizi umevimba, mdomo kaufunga kabisa. Mbuzi mmoja akachinjwa. Mzee Nzioka, babake Kalekye, akamkatia mkwe ubavu kwa mkono wake mwenyewe. Mulwa akauma mara moja tu, maumivu yakampanda hadi utosini, akairudisha nyama kwenye sahani. Wazee wakaacha kutafuna.

"Nyama yetu ni mbaya?" Nzioka akauliza. "Toka afike hata kucheka hajacheka. Kama ametukataa, afungue mbuzi zake arudi nazo."

Mulwa aliogopa kweli. Alimpenda Kalekye kuliko alivyoyaonea haya meno yake. Akaachama, wote wakaona madoa, wakaona na damu.

"Baba, nilisugua na mchanga," akasema. "Nilitaka meno ikuwe nyeupe. Sasa siwezi tafuna."

Kalekye, aliyekuwa akimimina chai, akaweka birika chini.

"Wewe Mulwa! Hiyo meno naijua toka siku ya kwanza. Si ulikuwa unacheka kila saa? Ndio maana nikakupenda. Hii mdomo ya kufungwa ndio siijui."

Wazee wakaangua kicheko. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya Kikamba hasogei karibu na mkwewe, akapaza sauti kutoka jikoni:

"Mpelekeeni supu huyo mtoto wetu! Na msiweke pilipili!"

Mulwa akacheka mdomo wazi, na ufizi ukamuuma vibaya sana.