Shibe ya Sindano

Kufikia saa nne asubuhi mpishi alikuwa ameshafuta meza ya jikoni mara tatu, na ilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Mikono haikutaka kutulia. Zamani saa kama hiyo sufuria nne zingekuwa zinachemka.

Alipeleka maji sebuleni. Muuguzi alikuwa anamdunga mwenye nyumba sindano yake ya kila wiki.

"Sista, hiyo dawa inafanyaje kazi?"

"Inaigiza homoni ya shibe. Ubongo unaambiwa umeshiba, na chakula kinakaa tumboni muda mrefu. Ndiyo maana anapungua."

"Na hivi vidonge?"

"Vitamini. Vyenyewe havipunguzi mwili. Anakula kidogo, basi vinaziba pengo. Lakini mpikie samaki, mayai, asije akaishiwa nguvu."

"Napika, sista. Haviliwi."

Kumbe shibe nayo inauzwa, aliwaza akirudi jikoni. Kwa miaka sita watoto wake watatu walikula chajio cha mabaki ya nyumba hii. Sasa vyakula vilinunuliwa vya kupimwa, na kila jioni alirudi mikono mitupu.

Muuguzi alipoondoka, mwenye nyumba alimwita.

"Dada, kaa."

Hakukaa.

"Unaona mwenyewe, siku hizi sili. Kuanzia wiki ijayo uje siku mbili tu. Mshahara nao utakuwa wa siku mbili."

"Mama, nina watoto watatu."

"Najua, dada. Usinifikirie vibaya. Hii sindano inapanda bei kila mwezi, lazima nibane matumizi."

Mpishi alirudi jikoni. Akapakua na kumpelekea mezani: vipande viwili vya samaki, yai, mboga.

Mwenye nyumba alionja mara mbili, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kichefuchefu. Toa, kamwage."

Mpishi alivuta kiti. Hakuwahi kukikalia hata siku moja. Akaketi, akasogeza sahani kwake, akaanza kula.

"Unafanya nini?"

"Nakula, mama. Nina njaa."

Alichambua miiba polepole, akala na yai na mboga. Mwenye nyumba alimtazama anavyotafuna. Kipande cha pili mpishi alikifunga kwenye kitambaa cheupe cha mezani, akakitia mkobani.

"Na hicho je?"

"Hiki kina wenyewe," alijibu, akasimama.