Mama Jepkorir Apanda Lori

Mwaka huo wa hamsini na nane mvua ya mwezi wa nne iliipiga barabara ya Elburgon mpaka ikalainika kama uji, na mimi Hezekiah Kipketer, dereva wa kampuni wa kupeleka mizigo mpaka Kampala, niliamka na hasira. Chai ilikuwa baridi. Lori langu, Bedford kuukuu lenye kikohozi cha mzee, lilikataa kuwaka mpaka tanboi wangu Ndung'u, msaidizi wangu wa safari, akalizungusha hendeli huku akilitukana kwa lugha ya kwao. Ndung'u alinizidi umri na unene, na alikuwa mtu wa kucheka sana, lakini asubuhi hiyo hata yeye alikuwa amenuna. Halafu, mbao zikiwa zimeshapakiwa na kamba zimeshakazwa, nikamwona mama yake Jepkorir anaingia uwanja wa kiwanda cha mbao, kikapu mkononi.

Jepkorir ndiye msichana niliyetaka kumwoa. Baba yake alikuwa amekubali. Wajomba walikuwa wamekubali. Aliyebaki ni mama. Wazee wetu walikwenda kwao, wakakaribishwa vizuri, wakanywa maziwa, wakarudi na jibu la "bado". Wakaenda tena, jibu likawa lile lile. Tena alikuwa amesema mbele ya watu kwamba dereva si mume, dereva ni mgeni anayepita nyumbani kuchukua soksi safi. Maneno hayo yalifika Nakuru kabla yangu, na madereva wenzangu wakaniita Soksi mwezi mzima.

Karani wa kiwanda, Kinyanjui, alikuja nyuma ya mama huyo akitabasamu.

"Kipketer, huyu mama anaenda Nakuru, binti yake mkubwa amejifungua. Nimempa ruhusa. Akae mbele na wewe."

"Mbele? Na mimi?"

"Kwani unataka kumweka wapi? Juu ya mbao?"

Kinyanjui hakuwa mtu wa kwetu, sikuweza kumlaumu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Hawapeani mkono, hawaangaliani usoni, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Ndiyo maana mama aliyeamua kukupa binti yake huanza kukukwepa hata kabla ya harusi. Marafiki zangu waliooa walijua mambo yameiva siku mama wa msichana alipowaona sokoni akageuza njia. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya mama yake Jepkorir sokoni mara nyingi sana, makusudi, na kila mara alisimama pale pale akiendelea kuchagua vitunguu.

Hata leo hakugeuza njia. Alikanyaga ngazi ya lori, akaketi, akaweka kikapu mapajani, akanitazama kutoka kofia mpaka viatu. Basi nikaelewa. Amekuja kunionyesha, mbele ya kiwanda kizima, kwamba mimi kwake si mkwe wala sitakuwa, na kwamba anaweza kukaa nami bega kwa bega kama anavyokaa na mtu yeyote. Ndung'u, ambaye alijua desturi zetu vizuri, alinipiga jicho la huruma, akapanda zake juu ya mbao.

Nikatia gia kwa nguvu mpaka ikalia.

"Unaendesha hivi siku zote?" mama akauliza.

"Nikiwa na hasira."

"Na hasira unakuwa nayo mara ngapi?"

"Si unaona mwenyewe, mama."

Kama ningekuwa bado na tumaini, ningelainisha ulimi. Ningesema mimi ni mtu mpole, mtu wa kanisa, pombe naijua kwa harufu tu. Lakini mtu aliyekwisha kushindwa hana haja ya kujipamba. Alivyouliza ndivyo nilivyojibu, macho yangu yakiwa kwenye matope.

"Unakunywa?"

"Nikiwa sina safari kesho yake."

"Kanisani unaenda?"

"Lori likilala Jumapili. Halilali sana."

"Ukifika Kampala unalala wapi?"

"Ndani ya lori. Kampuni haitaki mzigo uachwe peke yake."

"Na nani?"

"Na Ndung'u. Anakoroma mpaka vioo vinatetemeka."

Nikadhani tumemaliza.

"Na wanawake wa njiani?"

Nikapiga honi. Barabarani kulikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mbali.

"Kulikuwa na mmoja Tororo," nikasema. "Kabla sijamjua Jepkorir. Akaolewa na askari polisi, na nasikia wanaishi vizuri."

Nilitegemea aniambie nisimame ashuke hapo hapo. Badala yake alitoa kiazi cha kuchemsha kikapuni, akakivunja, akala nusu na nusu akanipa. Nikazidi kuumia. Hakuna mama anayemlisha mkwe wake viazi mkononi. Lakini njaa ilikuwa inaniuma pia, nikakila.

Kabla ya Njoro lori likazama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka, yakalia, yakachimba shimo, yakatulia humo. Nilishuka nikalipiga gurudumu teke. Nikalipiga la pili. Niliitukana barabara, nikaitukana mvua, nikamtukana fundi aliyesema matairi hayo yatafika Krismasi. Ndung'u aliendelea kukata matawi, kwa sababu alikuwa amezoea. Nilipogeuka nikamwona mama ametoa kichwa dirishani, kidevu mkononi, ananitazama kama mtu aliyeketi kwenye mchezo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Kumaliza nini?"

"Kupiga hilo gurudumu. Limekukosea nini?"

Ndung'u alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Nilijitahidi sana kubaki na hasira yangu, lakini ilinitoroka, nikacheka na mimi. Tukatandika matawi, tukafunga mnyororo, na baada ya kusukuma na kuteleza lori likatoka. Ndung'u alitaka tuondoke mara moja maana mvua ilikuwa inarudi. Nikakataa. Nilizunguka nikazishika kamba zote kwanza, kama kawaida yangu, kwa sababu mbao zikilegea atakayeanguka nazo ni yeye aliye juu.

Hapo Njoro askari wa kizuizi alimtaka Ndung'u pasi, kile kibali cha kusafiri, kama walivyokuwa wakiwataka watu wa kwao wote siku zile za hali ya hatari. Aliishika pasi hiyo kwa muda mrefu, akiigeuza huku na huku. Nikashuka nikasimama kando ya Ndung'u, nikakunja mikono, nikasimama hapo hapo mpaka ikarudishwa. Niliporudi kwenye usukani mama hakuuliza kitu.

Baada ya Njoro barabara ilikauka kidogo. Jua likatoka, na huko chini ziwa likaanza kuonekana. Nikaanza kuyakosa maswali ya mama.

"Kaka yangu alikuwa dereva," akasema mwishowe. "Magari ya jeshi, wakati wa vita vya Burma. Mama yetu alimngoja. Kila gari likipita alikuwa anatoka nje. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kutuambia kitu."

Nikapunguza mwendo.

"Sasa wewe," akaendelea. "Ukienda huko Kampala, na siku ya kurudi ikapita, na nyingine ikapita, mtoto wangu atajuaje kama uko hai?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Haukutoka.

"Sijui, mama," nikasema. "Nitatuma habari na madereva wanaoshuka, lakini habari huchelewa. Siwezi kukudanganya. Ninachojua ni kwamba zamani nilikuwa nashuka mteremko wa Timboroa kama mwehu, nikishindana na magari ya maziwa. Tangu nimjue Jepkorir nashuka taratibu. Ndung'u ananicheka. Zamani niliogopa Mzungu wa kampuni tu. Sasa naogopa kufa."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote neno hilo, hata Jepkorir mwenyewe. Sauti yangu ilikwaruza mwishoni. Nikaona aibu, kisha nikakasirika kwa kuona aibu. Mama akageukia dirisha, na tukaenda hivyo mpaka nyumba za kwanza za Nakuru.

"Simamisha," akasema.

Nikasimama kando ya barabara. Nikawaza kwamba anataka kwenda kwa miguu mwendo uliobaki, watu wa mjini wasimwone na mimi.

Akanitazama usoni, sawasawa, bila haraka. Macho yake yalikuwa ya Jepkorir kabisa. Tangu Elburgon nilikuwa nimeshughulika na hasira zangu, sikuyaona.

"Nimemaliza kuuliza," akasema. "Nikishakubali, sitakuuliza neno tena maisha yangu yote. Wala sitakuangalia. Sasa nitampaje mtoto wangu mtu ambaye sijamuuliza kitu hata siku moja? Tangu mwezi uliopita namsumbua Kinyanjui anipe nafasi kwa gari yako."

Nikafungua mdomo. Yeye alikuwa ameshashuka, anapiga ubao wa lori kwa kiganja.

"Wewe Ndung'u! Shuka hapo juu. Kuja ukae hapa katikati."

Ndung'u akashuka, amelowa chapa chapa, haelewi kitu. Alijisukuma ndani mpaka kiwiko chake kikaingia mbavuni mwangu. Mama akapanda nyuma yake, akavuta leso akajifunika kichwa, akageuza uso dirishani na mgongo wote kwetu.

"Ndung'u," akasema, akilisemesha dirisha, "ambia huyu dereva aende pole pole. Iko watu nyumbani wanamngojea."

Ndung'u alinitazama. Akautazama mgongo wa mama. Kicheko kikaanza kumpanda tumboni, lakini akakizuia kwa adabu.

"Dereva, umeambiwa uende pole pole. Iko watu wanakungojea."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

Furaha ilinijaa mpaka nikashindwa kupata klachi kwa mguu. Nilitamani sana kumwangalia yule mama mara moja tu, nimshukuru kwa macho, na barabara yote kutoka Elburgon nilikuwa na ruhusa hiyo nikaichezea. Sasa ilikuwa imekwisha. Nikakaza macho mbele kama mkwe anavyopaswa, nikaenda pole pole, baiskeli zikitupita moja moja, mpaka Bondeni kwa yule binti yake aliyejifungua.