Mabenchi ya Moshi

Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, mjane wa seremala hukagua kuni zake kwa sumaku. Kununua kuni hajui. Huokota: makreti ya sokoni, miguu ya vitanda, vipande vya milango iliyobomolewa. Ubao wenye rangi hauingii jikoni mwake, maana moshi wake ni sumu, na kila msumari hung'olewa kwa koleo na kutupwa kwenye kopo. Majirani humwita Mama Sumaku, naye huitika bila kinyongo.

Wiki moja baraza la mji lilitupa mabenchi kumi na mawili ya ukumbini ili kuweka viti vya plastiki. Mama Sumaku na wifi yake waliyasomba kwa mkokoteni, safari sita. Akapitisha sumaku kwenye benchi la kwanza, kutoka mgongoni hadi miguuni. Haikunasa popote. Akarudia.

"Wifi, hii kazi ya kaka yako."

Wifi akapapasa kiungo kwa kidole gumba. "Nani mwingine? Hapa hata wembe haupenyi."

Marehemu hakutumia msumari hata mmoja. Ulimi wa ubao huu uliingia kwenye tundu la ule, basi. Mabenchi yale aliyaunda kwa miezi tisa katika karakana ya mkandarasi. Siku ya ufunguzi alisimama nyuma ya ukumbi, shati limepigwa pasi, akisubiri kutajwa. Akatajwa mkandarasi, na jina la mkandarasi likachongwa kwenye kibao cha shaba. Seremala alirudi nyumbani, akavua shati, akalikunja. Hakulivaa tena.

"Utayachoma kweli?" wifi aliuliza.

"Ukumbini hayatakiwi, humu ndani hayaenei. Yaozee uani kwa mvua? Bora yatupikie."

Benchi la kwanza likakatwa kwa msumeno na kuingia jikoni. Maji yalichemka upesi kuliko kawaida. Nje, moshi ulitoka bombani mguu kwa mguu, kisha kikalio, kisha mgongo, vikaungana juu ya paa, na likawa benchi. Upepo ulivuma siku mbili. Moshi wa majirani ulitawanyika kama ilivyo ada yake, lakini ule haukutikisika, kwa kuwa viungo vyake vilikuwa vimekaza. Njiwa wakatua juu yake. Kufikia mwisho wa mwezi mabenchi yote kumi na mawili yalikuwa yamesimama angani, safu mbili zilizonyooka. Mama Sumaku aliyatazama akiwa ameshika kiuno. Alijivuna, na hakuona sababu ya kuficha.

Karani wa baraza akabisha hodi.

"Mama, moshi wako hautawanyiki. Kanuni inataka utawanyike."

"Mwambie aliyeuunga, mwanangu."

"Nani huyo?"

"Mume wangu. Andika jina lake." Akalitaja polepole, silabi kwa silabi.

Karani hakuandika. "Kwenye daftari letu haya ni mabenchi ya mkandarasi, mama."

"Basi mleteni ayafungue."

Mkandarasi aliletwa, nyundo mkononi. Alipanda ngazi, akazunguka benchi moja nusu saa nzima akitafuta msumari wa kung'oa, asiuone. Alishuka akasema kazi ni yake na anaikumbuka vizuri.

Viti vya plastiki vilikuwa vimeshaanza kuvunjika, na huko juu kulikuwa na hewa safi, kwa hiyo baraza likahamishia vikao vyake juu ya paa. Kibao cha shaba kikabandikwa kando ya mlango wa Mama Sumaku. Aliomba kwa barua jina la mumewe liongezwe, hata kwa herufi ndogo. Alijibiwa kwamba kibao hakina nafasi.

Sasa kila Jumatano wajumbe hupanda ngazi yake mmoja mmoja, wakishikilia mafaili. Humkuta ameshafika, amevaa kanga mpya, amekaa safu ya mbele katikati, mgongo wima. Mwenyekiti hufungua kikao kwa kumshukuru mkandarasi kwa mabenchi imara.

"Asante kushukuru," hujibu Mama Sumaku, kwa sauti inayosikika mitaa mitatu.

Hakuna anayegeuka. Karani huinamia daftari na kuandika kwamba mkandarasi amepokea shukrani.