Ghala la Panya

Ulimwona, ukageuza uso. Panya wa porini, amejazwa pamba, ndani ya kabati la vioo la makumbusho. Ukasoma jina la bwana aliyemleta, ukaenda zako. Hukuuliza alikutwa akifanya nini.

Alikutwa anaweka akiba. Mwaka 1811, majani yakipukutika kando ya Mto Missouri, Hapan, mjane wa Kidakota, wenyeji wa Amerika, alitoka na mfuko wa mahindi makavu kwenda kutafuta maharage. Maharage yale huzaa chini ya udongo. Panya ndiye huyachimba na kuyajaza ghalani mwake. Wanawake huchukua kiasi, huacha mahindi kwa kipimo kilekile, hufukia. Ukimpora panya atakufa, na mwakani utalia wewe. Nyati hawakuonekana mwaka ule. Hapan alikuwa na mabinti wawili na hayo maharage, basi.

Akakuta maghala sita yamefumuliwa. Bwana Pell, mzungu aliyekuja kwa mashua kukusanya viumbe, alikuwa amepiga magoti, daftari pajani, panya kumi na mmoja wamelazwa safu ubaoni. Kando yake mkalimani Narcisse, mume wa mdogo wake Hapan.

"Shemeji, anataka umwonyeshe mengine. Atakupa shanga."

"Shanga huiva kwa kuni ngapi?"

Narcisse akacheka chinichini.

"Muulize mahindi aliyoacha yako wapi."

"Anasema ni panya tu, shemeji."

"Huyo panya kachimba mwaka mzima. Yeye kachimba nini?"

Hilo Narcisse hakulitafsiri. Bwana Pell alishaandika kwamba wenyeji huabudu panya. Akabeba sururu kuelekea ghala la saba, kubwa kuliko yote.

Hapan akamtangulia, akakaa juu ya ghala.

"Inuka, shemeji, utanipotezea kazi."

"Kazi ni yako. Ardhi nimeikalia mimi."

Akakaa siku mbili, mabinti wakimletea maji na ngozi ya kujifunika. Siku ya tatu barafu ikaanza kushika kingo za mto, na nahodha hangojei daftari la mtu. Mashua ikaondoka. Hapan akainuka miguu imekufa ganzi, akafukua, akachukua nusu, akamimina mahindi.

Nusu ya ghala moja haiwatoshi watoto wawili. Theluji ilipoyeyuka, Hapan alikuwa na binti mmoja.

Bwana Pell aliandika kurasa tatu kuhusu panya. Mtoto hakupata mstari.

Na bondeni kwenu, saa hii unaposoma, kuna mgeni anachimba. Unamjua. Weka karatasi hii chini, waite majirani, nendeni mkakae mbele ya sururu yake.